Majivuno ya Simba, Uvivu wa Dubu

Tanga, Jumapili

Kwako Baba Neema,

Salaam nyingi. Sisi huku hatujambo, na yule mdogo aliyekuwa na homa amepona, sasa anakula kwa ajili ya siku zote alizokosa. Natumaini nanyi huko Arusha mu wazima na gari limeshatoka gereji.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Unasema ofisini mmegawiwa karatasi ya majina ya makundi ya wanyama kwa Kiingereza, myakariri kabla msimu wa wageni haujaanza, na ulipofika kwa simba ukakwama. Kwa nini Mwingereza aseme "a pride of lions", majivuno ya simba? Na dubu, ambaye kwetu hata hayupo, kwa nini kundi lake liitwe "sloth", uvivu? Ulitaka jibu la dakika mbili. Ndugu yangu, umemuuliza mwalimu wa Kiingereza, na shule zimefungwa. Vumilia.

Nianze na jibu lenyewe, halafu ndipo nieleze. Orodha hiyo, kwa sehemu kubwa, ni utani. Utani hasa, kama ule wa Wachaga na Wapare, ambao mtu hutukanwa msibani akacheka. Tofauti ni kwamba waliotania hapa walikuwa mabwana wenye farasi, mbwa na muda wa kupoteza. Ukilishika hilo hutajisumbua kutafuta elimu ya wanyama mahali ambapo haikuwekwa.

Mama wa orodha hizi ni kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1486 katika mji wa St Albans, kaskazini ya London. Jina la mchapaji limepotea. Mchapaji mwenzake wa baadaye alimtaja tu kuwa aliwahi kuwa mwalimu wa shule mjini hapo, nami nimefurahi kusikia kuwa walimu tulikuwa na biashara za pembeni tangu zamani. Kitabu kinafundisha mambo ambayo kijana wa nyumba kubwa alitakiwa kuyajua: kuwinda kwa ndege, kuwinda kwa mbwa, na kuzisoma nembo za koo. Mwisho wa sehemu ya kuwinda kwa mbwa limeandikwa jina la mwanamke, Dame Juliana Barnes. Vizazi vilivyofuata vikamfanya mkuu wa watawa wa Sopwell, jirani na mji huo, ijapokuwa kumbukumbu za nyumba hiyo ya watawa hazimtaji. Hilo la watawa liweke akilini, lina kazi mbele.

Ndani ya kitabu hicho mna orodha ya majina zaidi ya 160 ya makundi. Haikuwa ya kwanza, maana zipo hati za mkono za karibu mwaka 1450 zenye orodha za namna hiyo. Lakini ya chapa ndiyo iliyosambaa. Mwaka 1496 Wynkyn de Worde alikichapa upya huko Westminster, akaongeza sehemu ya kuvua samaki kwa ndoana, na watu wakaendelea kukichapa na kukinakili kwa muda mrefu.

Sasa kwa nini watu wazima wakae watunge majina 160 ya makundi? Hapa inabidi turudi mpaka 1066, Wanormani walipovuka bahari wakaitwaa Uingereza. Wafalme wao walipenda kuwinda kupita kiasi. Walitenga maeneo makubwa ya misitu yakawa ya mfalme, na mwanakijiji aliyekutwa na nyama ya humo aliadhibiwa vikali. Wewe unayeishi kwa kazi ya hifadhini huhitaji nikueleze mambo ya mipaka na nyama. Uwindaji ukawa wa mabwana, na mabwana wale walizungumza Kifaransa, kwa hiyo maneno mengi ya mawindoni yakaingia kwa mlango huo, na mwisho wake mawindo yakawa na lugha yake, ambayo aliyezaliwa nje ya ua hakuipata.

Lugha hiyo ilikuwa na mambo. Dume la ayala, yule wa Zaburi anayeionea shauku mito ya maji, alibadilishiwa jina karibu kila mwaka wa umri wake, na mpaka mwaka wa sita ndipo akastahili kuitwa ayala kamili. Akilala, kulala kwake kulikuwa na kitenzi chake, na paa akilala kitenzi kilikuwa kingine. Mezani ndiyo usiseme. Hukuruhusiwa "kukata" nyama hivihivi: ayala alivunjwa, korongo alitandazwa, sungura alifunguliwa kama mtu anavyofungua kamba za kiatu. Hata ndege wa kuwindia walipangiwa vyeo: tai wa kaizari, kozi yule mdogo kabisa wa bibi mkubwa, kipanga wa padri. Ukikosea neno mbele za watu, umejianika.

Na hawakuficha kwamba hilo ndilo kusudi. Mwaka 1485, yaani mwaka mmoja kabla ya kitabu cha St Albans, William Caxton alichapa visa vya Mfalme Arthur vilivyoandikwa na Thomas Malory. Humo Malory anayasifu maneno ya mawindo kwa sababu yanamtambulisha muungwana, yanamtenga na mtu wa kati, na mtu wa kati yanamtenga na mtwana. Basi majina ya makundi yalizaliwa humo, kwenye lugha ya kuonyeshana nani wa ndani na nani wa nje. Usiwacheke sana. Ninyi wenyewe mkiwa redioni simba mnamwita sharubu ili mgeni aliyekaa kiti cha nyuma asijue mmeona nini.

Palipo na lugha ya wakubwa hapakosi waigaji. Mwaka 1598 Ben Jonson alionyesha jukwaani London mchezo wenye mjinga mmoja wa shamba ambaye, akiingia tu, anamwomba mjomba wake kitabu cha kufundishia kuwinda kwa ndege na kwa mbwa, kwa maana siku hizi, anasema, mtu asiyejua lugha za mawindo hana thamani. Watu walicheka kwa sababu walimjua. Kila mtaa una wa kwake.

Tuje kwa majina. Mengine yanatokana na sauti, na hayo hayana ubishi. Bata bukini ni "gaggle", hebu litamke uone kama hujawasikia wakipiga kelele. Kwezi ni "murmuration", mnong'ono mkubwa wa mabawa na midomo wanaporudi kulala. Mengine yanatokana na mwendo. Kuna ndege mdogo wa mashambani Ulaya ambaye huimba huku akipaa wima mpaka apotee machoni, naye akapewa "exaltation", kutukuzwa, na hapo nakubali mtunzi alikuwa na jicho. Mbweha ni "skulk", kunyatianyatia. Kware ni "covey", neno la Kifaransa la kuatamia, maana vifaranga na mama yao hukaa pamoja. "Bevy" ilitumika kwa wanawake waungwana, kwa paa na kwa tombo, wote jina moja. Nani alimfananisha nani sijui, lakini ningependa kusikia bibi mmoja wa wakati ule alisemaje.

Kisha yapo ya tabia, na hapo ndipo simba wako alipo. Vitabu vya wanyama vya zama zile vilivyoandikwa na watu wa dini havikuandikwa ili usome habari za wanyama. Kila mnyama alikuwa mahubiri. Simba alibeba majivuno na dubu uvivu, na utaona haraka kwamba zote mbili ni katika zile dhambi saba kuu. Kunguru mkubwa mweusi alisemwa kuwa hawalishi makinda yake mpaka aone wameota manyoya meusi kama yake, ndipo asadiki ni wake, kwa hiyo kundi lake likaitwa "unkindness", kukosa upendo kwa damu yako mwenyewe. Kunguru wa kawaida walipewa "murder", mauaji, huenda kwa jinsi walivyokula maiti kwenye viwanja vya vita.

Sasa fikiri, Baba Neema. Mtu aliyeandika majivuno ya simba mwaka 1486 alimwona wapi simba? Akiwa na bahati, ndani ya ngome ya Tower jijini London, ambako wafalme walifuga wanyama waliopewa zawadi na wafalme wenzao tangu miaka ya 1200. Mwaka 1235 Henry wa Tatu aliletewa chui watatu na kaizari Frederick wa Pili. Mwaka 1252 akaletewa dubu mweupe kutoka Norway, aliyekuwa akishushwa mto Thames na kamba shingoni ajivulie samaki. Mwaka 1255 mfalme wa Ufaransa akaleta tembo. Simba alikuwa mnyama wa kizimbani na wa nembo, amesimama kwa miguu miwili juu ya ngao akitoa ulimi. Neno wanalolitaka wageni wako mbele ya simba waliojilaza juu ya majabali ya kopje lilitungwa na watu ambao hawakuwahi kuona jike likimkaribisha mwenzake kwa kumsugua kichwa.

Ushahidi mkubwa zaidi ni chui. Kitabu kinasema kundi la chui ni "leap", ruko. Wewe umeendesha magari huko miaka mingapi, umewahi kuona kundi la chui? Chui ni wa peke yake, mtoto akikua anaondoka. Dubu naye hivyohivyo, fuko naye hivyohivyo, na wote wana majina ya makundi. Msomi mmoja, John Hodgkin, alilipitia jambo hili kwa makini mwaka 1909, akaonyesha kuwa majina mengi kwenye orodha hayakuwa ya makundi asilani. Yalikuwa maneno sahihi ya kusemea tendo au tabia ya mnyama: chui huruka, fuko hufanya kazi ya kuchimba, dubu huzubaa. Wanakili waliofuata wakaona orodha, wakadhani kila mstari ni jina la kundi, na dunia ikawafuata. Chui akapewa ukoo asiokuwa nao.

Lakini kinachonifanya niite utani ni wanadamu. Ndiyo, wanadamu wamo, wamechanganywa na wanyama humohumo bila hata mstari wa kuwatenga! Wapishi ni "haraka", na naona mtunzi alikuwa na njaa siku hiyo. Washona viatu ni "ulevi". Wake za watu ni "kukosa subira". Wajumbe ni "bidii", mawakili ni "ufasaha", wafanyabiashara ni "imani", na hili la mwisho lazima mtu alilisema huku akikonyeza jicho. Wapiga filimbi ni "umaskini". Watawa wa kiume ni "mwono wa kuchukiza", ingawa wajuzi husema neno hilo wakati ule liliweza kumaanisha wingi tu. Na watawa wa kike ni "superfluity", yaani wamezidi, wengine wangeweza kupunguzwa. Haya, sasa rudi kwa yule Dame Juliana anayesemwa alikuwa mkuu wa watawa. Ama hakuwa mtawa, ama hiyo orodha haikuwa yake, ama alikuwa na ucheshi ambao nyumba za watawa hazijaupata tena. Mimi naipenda sababu ya tatu, lakini siwezi kuitetea mahakamani.

Makosa nayo yamo. Kuna mnyama mdogo wa jamii ya kicheche ambaye Waingereza humfuga ili aingie mashimoni kuwatoa sungura. Hatulii hata kidogo, ndiyo maana kundi lake liliitwa "business", kwa maana ya pilikapilika. Tahajia ya siku zile ilikuwa "besynes". Mnakili akaisoma "b" kama "f", aliyemfuata akaharibu zaidi, na likapatikana neno lisilowahi kutoka kinywani mwa mtu yeyote, ambalo hata hivyo utalikuta kwenye orodha za leo limevaa suti. Nyani waliitwa "shrewdness", na leo wageni hulifurahia wakidhani ni werevu. Mwaka 1486 lilimaanisha ubaya, utundu wa kishetani. Aliyewahi kuibiwa mkate na nyani pale geti la Ngorongoro atasimama na maana ya kale. Na usimwambie mtu kwamba "a school of fish" ni samaki walio darasani, neno hilo lilitoka Uholanzi na maana yake ilikuwa kundi tu.

Utasema mbona na sisi tunayo: bumba la nyuki, genge la wezi, thurea ya nyota, na watoto wa Kenya huyakariri kwa ajili ya mtihani. Ni kweli. Ila tazama mengi ya kwetu yalikozaliwa: mtungo wa samaki, mkungu wa ndizi, tita la kuni, korija ya nguo. Ni ya soko na ya kubebea mzigo. Aliyeyatunga alikuwa anahesabu mali yake.

Baada ya hapo majina yale ya Kiingereza yalilala karne nyingi. Machache kama "herd" na "flock" yalikuwa maneno ya wachungaji tangu mwanzo, hayakuhitaji kitabu. Wawindaji wa karne ya 19 waliokuja Afrika walisema tu "troop of lions". Mwaka 1906 Arthur Conan Doyle, yule wa Sherlock Holmes, akaandika riwaya ya mashujaa wa kale, ndani yake kijana anafundishwa majina haya na bwana mzee, na wasomaji wakayaokota upya. "Pride" ya simba ilianza kuzoeleka midomoni karibu miaka ya 1930.

Kisha likatokea jambo ambalo lingemshangaza yule mwalimu wa St Albans kuliko yote. Mwaka 1966 mtafiti George Schaller alifika Serengeti, akakaa Seronera zaidi ya miaka mitatu akiwafuata simba, na kitabu chake kikatoka mwaka 1972. Humo "pride" si utani tena. Ni jina la kitu kinachopimika: majike walio ndugu, watoto wao, na eneo wanalolirithishana, pamoja na madume wanaokuja, wakatawala kwa muda, kisha wakafukuzwa na wengine. Kundi la simba waliokutana tu kwenye mzoga si pride, hata wakiwa ishirini. Madume wanaoshirikiana huitwa "coalition", neno la wanasiasa, nalo linawafaa. Fisi wa Ngorongoro walichunguzwa miaka hiyohiyo na Hans Kruuk, ambaye aliona makundi yao yana mipaka na yanapigana vita mipakani, akayaita "clan", yaani ukoo. Hayo ndiyo maneno ya kazi yako. Mgeni akikuuliza kwa nini simba huyu mmoja anatembea pembeni, jibu lake limo humo.

Upande wa pili wa karatasi yako ni mwingine kabisa. Mwaka 1968 Mmarekani James Lipton alitoa kitabu kilichokusanya majina ya kale na kuongeza ya kwake, akawaambia wasomaji kwamba mchezo uko wazi, kila mtu atunge. Wakatunga! Katika haya ya kisasa mna "tower" ya twiga, mnara. "Crash" ya vifaru. "Dazzle" ya pundamilia, kwa jinsi mistari inavyochanganya macho. Viboko "bloat", kuvimbiwa. Haya usiyatafute kwenye kitabu cha 1486, wala watafiti hawayatumii kwenye daftari zao. Ni utani uleule umepata wachezaji wapya, na kusema kweli "dazzle" naipenda, bora kuliko nusu ya zile za kale.

Kwa hiyo ukiniuliza cha kukariri: shika pride, coalition, clan, troop ya nyani, pack ya mbwa mwitu, herd ya wala majani wote. Hayo usikosee. Ya twiga na pundamilia yaweke kwa ajili ya foleni ya kuvuka mto, wageni wakianza kuchoka. Wape na yale ya watawa na washona viatu, waulize wao wangeiitaje gari moja la waongoza watalii. Na yule mkubwa wa ofisi aliyetoa karatasi, mwombe aondoe lile neno la kicheche, maana najua limo.

Kitabu cha ndege ulichoniazima kimo kwenye kifurushi cha basi la Jumanne, pamoja na machungwa ya Muheza kwa watoto. Mfungue siku hiyohiyo, yameiva. Msalimie sana Mama Neema, mwambie ile orodha ya 1486 inasema wake hawana subira, halafu uniandikie alivyojibu.

Ni mimi mtani wako,
Mwalimu